Matone ya Kisima cha Kenga

Tone la thelathini na moja lilipoanguka, maji yalikuwa bado ya manjano.

Ndirangu alikuwa amekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi, ulimi wa chuma ukiwa umegeukia kando, kwa kuwa kigoda kingine sikuwa nacho. Mbele yake niliweka sinia nililolipindua, na juu ya sinia chupa ndogo ya kioo. Alikuwa ametia humo maji ya kisima chetu, kiasi cha kikombe cha kahawa, akayatia rangi kwa dawa ya manjano, na sasa alidondosha dawa nyingine kutoka kwenye mrija mwembamba. Kila tone lilizaa wingu jeupe, kama tui linapoanguka ndani ya maji, kisha wingu likazama. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Alinieleza kwamba rangi itabaki ya manjano maadamu mna chumvi bado. Mara chumvi yote itakapokuwa imeshikwa, maji yatageuka rangi ya tofali, na hapo tutaacha.

"Thelathini na mbili," nikasema.

"Ile maji ya mfereji ya Malindi ilifika saba," akasema, kama mtu anayejisemesha.

Nilikuwa nikimtazama vidole. Ncha zake zilikuwa na madoa meusi, nami nilidhani ni maradhi. Akasema ni dawa ile. Ndani yake mna fedha, fedha ile ile ya bangili, na ikiipata ngozi kisha jua likaiona, hugeuka nyeusi, wala sabuni haiitoi. Alikuwa mpimaji maji wa watu wa utafiti, mtu mpole kutoka bara, mwenye kusoma sana na kusema kidogo.

Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu tumzike Tsuma, mtoto wa Sidi. Alikuwa na miezi saba.

*

Kisima kile alikichimba mume wangu. Leo kimefunikwa kwa bamba la saruji na watoto hukaa juu yake wakicheza, lakini mwaka wa sabini na sita, pale kijijini kwetu kusini kidogo ya Ngomeni, watu walikuwa wakitembea saa nzima kufuata maji. Kenga alikuwa mchimbaji. Alikuwa na desturi ya kuliramba jiwe la mahali kabla ya kuanza, aonje kama lina chumvi. Alichimba majuma matatu ndani ya mwamba wa matumbawe, na alipofikia unyevu alijaza kata akanipandishia kwa kamba, mimi wa kwanza. Nilikunywa. Wakaniuliza, yakoje? Nikasema, matamu. Tangu siku hiyo yakaitwa maji ya Kenga, na yeye alipofariki kwa kifua mwaka wa themanini, nilipata faraja kwamba kila alfajiri wanawake hulitaja jina lake kabla ya kulitaja jina la mtu mwingine yeyote.

Watu wa utafiti walikuja mwaka wa themanini na mbili, masika yakiwa yameshuka. Walitaka kujua watoto wadogo wanakula nini, wanakunywa nini, na mbona wengi hawafiki mwaka wa pili. Walihitaji mwanamke anayejua kusoma na kuandika. Nilikuwa nimefika darasa la sita. Wakanipa mizani ya kutundika, daftari la mistari na kalamu mbili, nikawa mama wa mizani. Kila mwenye mtoto alishona kisuruali kwa kipande cha leso yake, tukamvika mtoto, tukamtundika kwenye ndoana kama pweza, akalia, tukaandika uzito. Niliandika nani ananyonya, nani ameanzishiwa uji, nani anaharisha. Niliandika kwa uaminifu. Kabla ya kufungua daftari nilikuwa nikiomba, na wanawake walizoea, hata wale wasiokuwa wa kanisa walisema amina.

Na walitufundisha maji ya kuokoa mtoto anayeharisha. Aliyetufundisha ni Mwikali, muuguzi kutoka Machakos, binti mrefu mwenye sauti ya kwaya. Chupa tatu za soda za maji yaliyochemka, vijiko vinane vya sukari, kijiko kimoja cha chumvi. Kisha uonje mwenyewe: isizidi chumvi ya machozi. Mimi ndiye niliyeyatungia wimbo ili wasiojua kusoma wasisahau.

*Chupa tatu, maji ya moto,*
*sukari nane, chumvi moja,*
*onja kwanza, mama, onja.*

Waliuimba kisimani, waliuimba wakitwanga. Na ulifanya kazi. Nataka hili lijulikane, kwa kuwa lililofuata linaweza kumfanya mtu adhani tulikuwa wajinga tangu mwanzo. Mwaka ule na uliofuata niliandika watoto kumi na mmoja walioharisha hadi macho yakazama, na wote kumi na mmoja wakarudi kwenye mizani.

Kisha ikaja themanini na nne. Vuli la mwaka uliotangulia lilikuwa haba, na masika hayakushuka kabisa. Mahindi yalikufa yakiwa na urefu wa kiganja. Kisima kilianza kutoa tope, na mimi, mjane wa mwenye kisima, ndiye niliyewaomba vijana wateremke wakachimbe zaidi. Walichimba dhiraa mbili. Maji yakaja tena, mengi, maangavu. Tukamshukuru Mungu kanisani, na mimi nikasimama nikatoa ushuhuda.

Mwezi ule Mwikali alikuja kwa kazi yake ya kawaida, nikampikia chai. Akaonja, akakitua kikombe.

"Mama Easter, umetia chumvi mahali pa sukari?"

Wanawake wakacheka. Hawe Kavumbi alikuwapo. Hawe kwetu ni bibi, na yeye alikuwa hawe wa kijiji kizima, mama mkwe wa Sidi, mwenye meno manne na maneno elfu.

"Ulimi wa bara huo," akasema Hawe. "Kwao hunywa ukungu. Mpeni kikombe kitupu anuse, atashiba."

Mwikali naye akacheka. Kikombe kikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akaonja, mimi nikiwa wa mwisho, na sote tukasema chai ni tamu, hana lake. Tangu hapo alikuja na dumu lake la maji kutoka Malindi, na dumu likawa jambo la kutaniwa. Tulimwita Bi Dumu.

Nimekikumbuka kikombe kile mara nyingi kuliko ninavyoukumbuka uso wa mume wangu. Kilipita mikononi mwa wanawake wanane, na yule mmoja aliyesema kweli tulimcheka.

*

Sidi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya Tsuma, na mtoto huyu alimbeba kama mtu abebaye moto kwenye kigae. Hakukosa mizani hata siku moja. Kisuruali cha Tsuma kilikuwa cha leso nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe, na alikishona kwa mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba kitabeba mtu mzima.

Aliniita siku ya Jumanne asubuhi. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha. Macho yalikuwa yameanza kuingia ndani, lakini alikuwa akilia, na kilio ni dalili njema. Nilimwambia Sidi asiogope, tutaanza maji sasa hivi.

Hawe Kavumbi alikuwa ameketi mlangoni na madafu mawili mapajani, yamekwisha kuchongwa.

"Mpeni dafu," akasema. "Baba yake nilimlea kwa dafu. Babu yake pia."

Nilimjibu kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. Nilisema: "Hawe, dafu halina kipimo. Haya yana kipimo."

Akanitazama, kisha akayatazama madafu, akayasogeza pembeni kwa mguu. Hakubishana. Nilikuwa mama wa mizani. Nilikuwa na daftari.

Nilipima mwenyewe. Chupa tatu, vijiko vinane, kijiko kimoja kilichofutwa sawasawa kwa kisu. Nikaonja. Kwa ulimi wangu hayakufika hata nusu ya machozi. Nikampa Sidi aonje naye. Machozi yalikuwa yakimtiririka tangu nilipoingia, akaonja, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Tukaanza kumnywesha kwa kijiko.

Tsuma alikunywa. Ndilo jambo lililotudanganya. Alikunywa kama mwenye kiu ya mtu mzima, akifuata kijiko kwa mdomo wazi, na kila alipokunywa alitaka zaidi. Hadi adhuhuri alikuwa amemaliza chupa zote tatu. Sidi akacheka kidogo, akasema, mwone, anataka kuishi. Nikapima mengine. Alasiri ngozi ya tumbo lake ilikuwa laini ajabu, kama unga uliokandwa, wala haikuwa imekunjamana kama ya mtoto aliyekauka. Nikajiambia maji yanaingia. Lakini kilio kilikuwa kimebadilika, kikawa chembamba na cha juu, na mikono ikaanza kushtuka yenyewe.

Asubuhi ya Jumatano alishikwa na degedege la kwanza. Gari lililopatikana lilikuwa lori la chumvi likielekea Malindi. Tulikaa juu ya magunia, Sidi, Hawe na mimi, nami nilikuwa na chupa mkononi na kijiko, nikimtilia mdomoni kila degedege lilipotulia, kwa sababu tulifundishwa tusiache hata tukiwa njiani. Sikuacha. Kabla hatujafika daraja la Sabaki, kijiko kilirudi kikiwa kimejaa.

"Ameacha kunywa," Sidi akasema.

Hawe alimchukua mtoto, akamfunga leso usoni, akampigia dereva ubao ageuze. Mimi nikabaki na kijiko. Hata kukimwaga sikujua nikimwagie wapi.

*

"Sitini na nne," nikasema, na maji yakageuka. Rangi ya tofali ilianzia chini ya chupa ikapanda juu, ikakaa.

Ndirangu aliuweka mrija kando. Alitoa karatasi mkobani, akaisoma, akaisoma tena. Karatasi ile ilikuwa ya themanini na mbili. Masika ya mwaka ule, kisima hiki hiki kilitoa matone kumi na moja, na kwa matone kumi na moja wakaona kipimo cha kijiko kimoja kinafaa. Hakuna aliyerudi kupima tena. Kilichomrudisha sasa ni daftari langu. Huko mjini mtu alikuwa ameona kwamba katika mwezi mmoja kijiji changu kiliandika vifo vitatu vya watoto walioharisha, na vijiji vinne vya jirani vikiwekwa pamoja viliandika kimoja. Na katika vitatu vile, karibu na kila jina, nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: *alipewa maji ya chumvi na sukari, alikunywa vizuri.*

"Mama," akasema, "chupa tatu za hii maji tayari iko na kijiko cha chumvi. Kasoro kidogo tu. Ukiongeza kijiko kingine..."

Nikamwambia kwamba nilionja. Akasema anajua nilionja. Akasema kisima kikichimbwa sana karibu na pwani, maji ya mvua huwa yameelea juu na ya bahari yako chini, na jembe likipita yale ya juu hukutana na ya chini. Na kwa kuwa chumvi iliongezeka polepole, siku kwa siku, ndimi zetu zilikwenda nayo bila kujua. Mtoto, akasema, hana figo za kuitoa. Humzidishia kiu. Kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokauka kwa ndani.

Nilikuwa nimeishika ile chupa ili isianguke. Tone lililobaki kwenye ncha ya mrija lilinidondokea kidole cha shahada, wala sikulifuta.

"Na dafu?" nikauliza.

Ndirangu alifunga vifaa vyake kwanza, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake.

"Dafu ingefaa," akasema.

Mwikali alikuja kesho yake. Hakuingia na utani, wala mimi sikumwita Bi Dumu. Alikaa karibu nami akanishika mkono, akaliona doa jeusi kidoleni, akaniambia walivyokata shauri wakubwa wa utafiti. Niwaambie wanawake waache kutia chumvi. Sababu nisiwape. Wakijua, alisema, hawatatumia tena kitu chetu chochote, na habari itatembea. Na kule Vitengeni maji ya bwawa hayana chumvi hata chembe, watoto wa kule wanaponea kijiko hicho hicho.

"Nawe ulionja," nikamwambia. "Ile chai."

"Nilionja, mama," akasema. "Mlipocheka nikanyamaza, nisionekane ninaringa." Akalia, nikambembeleza mimi.

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema kipimo kimebadilika, chumvi imeondolewa, watu wa utafiti wamesema. Waliuliza mbona, nikasema ndivyo walivyosema. Mmoja akacheka akaniambia wimbo wangu sasa umekatika mguu, utachezwa kwa kuruka. Walikubali upesi mno. Waliniamini, hilo ndilo lililoniuma. Katika nyumba zile mbili nyingine zilizozika, nilisimama mlangoni tu, nikasema maneno yale yale, nikapita. Kwa Sidi sikwenda.

Doa likabaki. Nilisugua kwa jivu, nikasugua kwa ndimu. Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, ilikuwa zamu yangu kuongoza, na nilipoinua mikono nikakiona kidole changu mbele ya macho yangu. Nikasema sauti imekauka, mwenzangu aombe. Alhamisi ya pili nikasema vivyo hivyo. Sikuwa naona haya mbele ya watu, maana hawakujua kitu. Lakini nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu hapelekewi neno ambalo jirani amenyimwa.

Juma la tatu nilikuwa nikipanga kapu la mizani, na chini kabisa nikakuta kisuruali chekundu chenye korosho. Kilikuwa kimebaki tangu upimaji wa mwisho. Nilikifua, nikakianika, nikakikunja mara nne.

*

Habari ilitembea, kama Mwikali alivyosema. Miezi miwili mizani yangu ilining'inia tupu. Katika nyumba zile mbili nilirudi na kusema yote. Moja walinisikiliza, nyingine walifunga mlango, na mpaka leo hatuamkiani. Hayo yalikuja baadaye, na niliyapokea. Lakini kabla ya hayo ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, na mimi nimesimama uani kwa Sidi na kisuruali mkononi.

Alikuwa peke yake, akichambua kunde. Alinisalimu shikamoo, nikaitika, akanipa mkeka, kisha akainuka kuelekea kwenye mtungi. Kwetu mgeni haulizwi lililomleta kabla hajapewa maji, wala halisemi. Nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu. Acha maji."

Akageuka na kata mkononi, akaketi.

Nilimwambia yote, nikimtazama. Matone kumi na moja na matone sitini na nne. Kisima kilichochimbwa zaidi, na kwamba ni mimi niliyeomba kichimbwe. Kijiko juu ya kijiko. Nilimwambia habari ya dafu pia, ingawa hakuna aliyenilazimisha. Nilipomaliza nikaweka kisuruali juu ya mkeka, kati yetu.

Kuku walipita wakadonoa maganda ya kunde. Sidi hakukigusa kile kisuruali.

"Hawe aliposema dafu, wewe ulisema halina kipimo," akasema.

"Nilisema."

"Na ulionja."

"Nilionja."

Aliigeuza ile kata mikononi mwake, huku na huku, kama mtu atafutaye ufa.

"Mimi pia nilionja, mama," akasema. "Lakini nilikuwa nalia. Sikujua chumvi ipi ni ya kikombe na ipi ni yangu."

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi ya kuomba msamaha, niliyoyapanga usiku mzima kama mtu apangaye vyombo, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kukaa pale uani. Sidi aliinuka. Nilidhani anaingia ndani, na kwamba nitaondoka. Akaenda kwenye mtungi, akafunua, akachota. Akaja akapiga goti kidogo, kama mtoto wa watu aliyelelewa, akaninyooshea kata kwa mikono miwili.

Hakusema karibu. Hakusema nimekusamehe, wala hajasema hadi leo, na mimi sijamwuliza. Yalikuwa maji ya Kenga. Kijijini hapakuwa na mengine.

Niliipokea kwa mkono wenye doa. Nikanywa taratibu, nikiyazungusha kinywani, nikitafuta ile chumvi. Niliitafuta kwa bidii, chini ya ulimi, kwenye fizi, kooni, hadi kata ikabaki tupu.

Yalikuwa matamu.